Mizani Iliyoishia Miaka Mitano

Mtoto aliyezaliwa mkoani Iringa katikati ya miaka ya 1980, katika kimojawapo cha vijiji 168 vya mpango wa lishe wa mkoa huo, alikuwa na kitu ambacho baba yake hakuwa nacho, mwenyekiti wa kijiji hakuwa nacho, na pengine hata mkuu wa mkoa hakuwa nacho: kumbukumbu ya maandishi ya uzito wa mwili wake. Kilo zake zilitiwa nukta kwenye kadi, nukta zikaunganishwa kuwa mstari, na mstari ukapita juu ya rangi tatu ambazo mama yeyote wa wakati ule alizijua, kijani, kijivu na nyekundu. Alipotimiza miaka mitano kadi ilifungiwa sandukuni na mizani ikaachana naye. Angeweza kuishi miaka hamsini mingine, akapimwa mara mbili tatu akiwa mgonjwa, lakini hakuna ambaye angemchorea mstari tena. Nyanda za Juu Kusini, hapa nikimaanisha Iringa na Mbeya za kabla ya kumegwa Njombe mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, ziliufundisha ulimwengu namna ya kusoma uzito wa mtoto. Ninachodai hapa ni kwamba somo lenyewe lilikuwa pana kuliko lilivyotumiwa. Uzito wa siku moja hausemi mengi kuhusu nani ataishi. Kinachosema ni uzito huo ukiwekwa kando ya uzito wa zamani, kisha ikaulizwa umebadilika kwa nini. Jambo hilo linaonekana katika historia yote ya mizani katika mikoa hii, kuanzia kwa vibarua wa migodini hadi kwa wagonjwa wa ukimwi, na linaonekana kwa ukali zaidi katika ugonjwa ambao wachache wanaujua hata kwa jina, saratani ya kongosho.

Mizani haikuanza na watoto. Kabla ya kliniki za mama na mtoto kuenea, mtu mzima wa nyanda hizi alikutana na mizani mahali pa kuuzia kahawa, pareto au mahindi, na mara chache alipopandishwa juu yake yeye mwenyewe, aliyempandisha alikuwa akitafuta nguvu kazi. Wabena na Wahehe walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Wanyakyusa wa Rungwe walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, wengine wakavuka mpaka hadi Ukanda wa Shaba huko Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakaandikishwa na Wenela, wakala wa kuajiri vibarua, kwa ajili ya migodi ya Afrika Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoufunga mlango huo. Katika migodi hiyo uhusiano wa mwili na kifo haukuwa nadharia. Mwaka 1913 Afrika Kusini ilipiga marufuku kuwaajiri watu kutoka kaskazini ya latitudo ya 22 kusini kwa sababu walikuwa wakifa mno, hasa kwa kichomi, na marufuku hiyo haikulegezwa mpaka miaka ya 1930. Ukaguzi wa afya wa vibarua, mizani ikiwemo, ulikusudiwa kuchuja. Lakini ulikuwa ukaguzi wa mlangoni: huyu anafaa, yule arudi kwao. Yupo aliyekuwa mwembamba tangu ujana na mzima wa afya, na yupo aliyekuwa amejaa mwaka jana na sasa kifua kikuu kimeanza kumla. Kama walikuwa na kilo sawa, mizani ya mlangoni haikuweza kuwatenganisha.

Wazo la kufuata mwendo wa kilo lilikuja kwa njia ya watoto, na lilitoka Afrika Magharibi. Katika miaka ya 1950 daktari Mwingereza David Morley, akifanya kazi kijijini Imesi-Ile nchini Nigeria, alibuni kadi inayokaa kwa mama na kuonyesha uzito wa mtoto kwa kadiri ya umri wake. Hoja yake ilikuwa rahisi. Mtoto hafi kwa utapiamlo ghafla. Kilo husimama kwanza, kisha hushuka, na kati ya kusimama na kifo zipo wiki au miezi ambayo mtu anaweza kuitumia. Tanzania iliipokea kadi ya namna hiyo ikiwa tayari imezoea kampeni za umma: Mtu ni Afya mwaka 1973, mwaka uleule ilipoundwa Taasisi ya Chakula na Lishe, kisha Chakula ni Uhai mwaka 1975. Iringa ilikuwa mahali pa kushangaza pa kuanzia, kwa kuwa pamoja na Mbeya, Rukwa na Ruvuma ilihesabiwa kuwa ghala la mahindi la taifa. Magunia ya Ismani na Mbozi yalikwenda kuilisha Dar es Salaam, ilhali zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa katika vijiji vile vya Iringa walikutwa na uzito pungufu. Aliyeangalia kwa mbali angesema chakula hakitoshi. Mahindi yalikuwepo. Kilichokosekana ni muda wa mama aliyekuwa shambani tangu alfajiri, ni milo ya mara kwa mara kwa tumbo dogo lisiloweza kubeba ugali mwingi kwa mkupuo, ni kinga dhidi ya surua na malaria. Ndiyo sababu wataalamu wa lishe wa miaka ile walihimiza kimea: nafaka ikichipuzwa, ikakaushwa na kusagwa, unga wake kidogo tu huulainisha uji mzito bila kuuongezea maji, na mtoto akapata nguvu nyingi zaidi katika kikombe kilekile.

Mpango wa Iringa ulianza mwaka 1983 kwa fedha za Italia zilizopitia UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Ukisoma maelezo yake leo unaweza kudhani ulikuwa mpango wa kupima watoto, maana mizani ndiyo inayokumbukwa. Kupima kulikuwa sehemu yake ndogo. Siku ya Afya ya Kijiji ilifanyika kila baada ya miezi mitatu. Mizani ilining'inizwa kwenye tawi au boriti, mtoto akavalishwa kaptula ya mizani, mhudumu wa afya wa kijiji akasoma kilo na kuzitia kwenye kadi mbele ya watu. Kadi ilirudi na mama. Hesabu ya wangapi wako kwenye kijani, wangapi kwenye kijivu na wangapi kwenye nyekundu ilikwenda kwa serikali ya kijiji, na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu kikao kilitakiwa kijibu kwa nini mtoto fulani ameshuka na kijiji kitafanya nini kabla ya miezi mitatu mingine. Tathmini, uchambuzi, hatua: ndio uliokuwa mzunguko wenyewe. Jibu lingeweza kuwa kituo cha kulishia watoto karibu na mashamba, au shamba la kijiji kwa ajili ya uji wao, au kumpeleka mtoto hospitali ya wilaya, au kumkalisha chini baba aliyegeuza mahindi yote kuwa pombe. Mizani ilikuwa hadharani na aibu ya kijivu ilikuwa ya kijiji kizima. Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali katika vijiji vile vya mwanzo ulishuka kutoka 6.3% ya watoto hadi 1.8%, na uzito pungufu kwa ujumla wake ukashuka kutoka karibu 56% hadi 38%. Maelezo ya UNICEF kuhusu visababishi vya utapiamlo, yaliyotolewa mwaka 1990 na ambayo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya lishe duniani kote, yalitokana kwa sehemu kubwa na uzoefu huo. Urban Jonsson, aliyekuwa afisa wa UNICEF nchini, ndiye anayetajwa zaidi miongoni mwa walioyaandika, ingawa walioyaishi kwanza ni wahudumu wa vijijini.

Wapo waliotilia shaka, na shaka zao zina uzito. Ya kwanza ni kwamba katika miaka ileile chanjo zilikuwa zikienea na mavuno yakipanda na kushuka, hivyo nani ajuaye ni kipi kilichowanyanyua watoto? Jibu la haki ni kwamba mizani peke yake haikuwanyanyua. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vijiji vya kusini mwa India, ambako baadhi ya vijiji vilipewa elimu ya lishe pamoja na kadi za ukuaji na vingine elimu bila kadi, na watoto hawakutofautiana. Wapinzani wa mizani hupenda kulitaja jaribio hilo, nami naona linaunga mkono hoja ya Iringa badala ya kuivunja. Kadi isiyo na kikao nyuma yake ni karatasi tu. Shaka ya pili ni kali zaidi. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta Iringa ikiongoza nchi nzima kwa udumavu, takriban 57% ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa wafupi kuliko umri wao, ikifuatwa na Njombe na Rukwa zenye karibu 50% kila moja. Mkoa uliosifiwa duniani kwa kupima ndio wa kwanza kwa ufupi! Hapa ndipo kilo zinapojionyesha kuwa ni shahidi anayehitaji kuulizwa vizuri, kwa kuwa mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na kilo zinazolingana na kimo chake, akaonekana mnono machoni pa jirani, kumbe kimo chenyewe kilikwisha kuibwa. Kipimo kilichosaidia kupunguza utapiamlo mkali hakikuweza kuuona mtego huo mwingine, na kimo kilipaswa kuandikwa pia.

Kadi za mpango zilipokuwa zikiendelea kujazwa, wazazi wa watoto wale walianza kukonda. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ulisafiri kwa barabara. Mbeya, yenye barabara kuu ya Zambia, reli ya TAZARA na mpaka wa Tunduma, haikusubiri sana. Tangu 1988 mkoa huo ulikuwa na mradi wake wa ukimwi uliosaidiwa na Ujerumani. Utafiti wa kwanza wa taifa wa viashiria vya virusi, wa 2003–04, uliipa Mbeya 13.5% na Iringa 13.4% ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, taifa zima likiwa na 7%. Lakini kabla vipimo vya damu havijapatikana kwa wingi, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekutana na wataalamu mjini Bangui mwezi Oktoba 1985 ili kupata namna ya kuutambua ugonjwa bila maabara. Dalili kubwa ya kwanza waliyoiandika ilikuwa kupungua kwa zaidi ya 10% ya uzito wa mwili. Kwenye karatasi sharti hilo ni safi kabisa. Fikiria sasa mganga msaidizi wa kituo cha afya wilayani, na mbele yake mwanamume wa kilo 52. Kumi kwa mia ya nini? Uzito wake wa zamani haukuandikwa popote. Binti yake wa miaka mitatu ana kadi yenye nukta kumi na moja. Yeye hana hata moja. Ilibidi sharti la kitaalamu litimizwe kwa kauli ya mke, kwa suruali inayopwaya, kwa picha ya harusi. Nchi iliyokuwa na mfumo bora wa kufuatilia uzito wa watoto iliingia katika ugonjwa unaowakondesha watu wazima ikiwa karibu haina uzito wa zamani wa mtu mzima wa kulinganishia.

Pengo hilo la maandishi lilijazwa na macho ya majirani, na macho ni mizani katili. Kukonda kukawa hukumu. Mwenye kisukari, mwenye kifua kikuu, mwenye vidonda vya tumbo, mama anayenyonyesha mapacha, wote walipita njiani wakinong'onwa. Kunenepa nako kukawa cheti cha uzima ambacho hakikuwa na thamani ya kitabibu, kwa kuwa virusi huishi miaka mingi ndani ya mwili uliojaa. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa na serikali kwa mpango wa taifa mwishoni mwa mwaka 2004, mizani ya watu wazima hatimaye ilipata daftari: kila mgonjwa wa kliniki ya tiba na matunzo alipimwa, akaandikwa, akapimwa tena. Utafiti mkubwa wa wagonjwa wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kile ambacho Morley angekitabiri: walioanza dawa wakiwa wamekonda sana walikufa kwa wingi zaidi, na wale ambao kilo ziliendelea kushuka baada ya kuanza dawa walikuwa hatarini zaidi ya walioanza kupanda. Mwendo uliongeza habari ambayo kilo za siku ya kwanza hazikuwa nayo. Ni jambo la kuhuzunisha kidogo kwamba mtu mzima wa Mbeya au Makete alihitaji kuambukizwa virusi ndipo apewe mstari wake.

Sasa kongosho. Kiungo hiki kimelala nyuma ya tumbo la chakula, kinatengeneza vimeng'enyo vya kusaga mafuta na protini pamoja na homoni ya kutawala sukari, na uhusiano wake na uzito una historia ya Afrika Mashariki ambayo haisimuliwi sana. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, mwanapatholojia J. N. P. Davies aliichunguza miili ya watoto waliokufa kwa kwashakoo akaona kwamba seli za kongosho zinazotoa vimeng'enyo zilikuwa zimenyauka. Kwa maelezo ya wakati ule, njaa ya protini ilikuwa imekidhoofisha kiungo ambacho kazi yake ni kuipokea protini, na hivyo mtoto alishindwa kufaidi hata chakula alichopewa hospitalini. Hugh Trowell, Davies na Dean waliandika kitabu kizima juu ya kwashakoo mwaka 1954. Hakuna anayeweza kutoka hapo akadai kwamba mtoto wa kijivu wa Iringa atapata saratani akizeeka, na mimi sidai. Ninachochukua kwa Davies ni kwamba kati ya kongosho na kilo njia hupitika pande zote mbili: kupungua kwa mwili hulidhoofisha kongosho, na kongosho likiugua huupunguza mwili.

Saratani ya kongosho ndiyo inayoitembea njia hiyo kwa kasi ya kutisha. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yalihesabu zaidi ya wagonjwa wapya 510,000 duniani na vifo karibu 467,000. Idadi hizo mbili zinakaribiana kuliko katika karibu saratani nyingine yoyote kubwa. Hata Marekani, yenye vipimo na upasuaji wa kila aina, ni takriban 13 kati ya wagonjwa 100 wanaofikisha miaka mitano. Uvimbe hujificha muda mrefu, na dalili zake za mwanzo ni zile ambazo mtu wa Mafinga au Tukuyu angezipeleka kwa muuza dawa: tumbo kuuma kuelekea mgongoni, hamu ya kula kupotea, baadaye macho kuwa ya manjano. Kukonda huwapata wagonjwa wengi mno, na kwa baadhi kunaanza kabla ya maumivu. Mwaka 2011 wataalamu wa mataifa mbalimbali walikubaliana jinsi ya kuutambua unyong'onyevu wa saratani: kupungua zaidi ya 5% ya uzito katika miezi sita, au zaidi ya 2% kwa aliye tayari mwembamba. Tazama kwamba ni sharti lilelile la Bangui lililorudi kwa vazi jingine, likidai uzito wa zamani kwa mtu ambaye hakuna aliyempima. Kwa mgonjwa wa Nyanda za Juu aliyepewa rufaa kutoka wilayani hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na pengine kutoka hapo hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, swali la kilo zake za miezi sita iliyopita kwa kawaida hujibiwa kwa kukisia.

Na hapa linakuja pingamizi linalotoka maabara, wala halitoki kijijini. Katika magonjwa kadhaa, yakiwemo ya moyo, watafiti wamekuta kwamba wanene waliokwisha kuugua huishi muda mrefu kuliko wembamba, jambo linaloitwa kitendawili cha unene. Wengine wameona dalili za jambo hilo katika saratani pia, na ukilisikia haraka haraka utaambiwa kwamba kitambi ni akiba ya siku ya ugonjwa, imani ambayo mitaa yetu tayari inaipenda. Ila kitendawili hiki huyeyuka mara tu unapouliza uzito ulipimwa lini. Mwaka 2009 watafiti wa Houston walilinganisha wagonjwa 841 wa saratani ya kongosho na watu 754 wasio nayo. Waliokuwa na uzito uliozidi katika ujana walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuupata ugonjwa, waliupata mapema kwa miaka miwili hadi sita, na wenye unene uliokithiri katika umri mkubwa waliishi muda mfupi zaidi. Mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine wa Marekani wa wagonjwa 902 ambao uzito wao ulikuwa umeandikwa miaka mingi kabla ya kuugua, na unene wa zamani ukaambatana tena na kuishi muda mfupi, hasa uzito wa miaka 18 hadi 20 kabla ya ugonjwa kugunduliwa. Chukua watu wawili wenye kilo 60 siku wanapoambiwa habari mbaya. Mmoja amekuwa na kilo 60 tangu alipooa. Mwingine alikuwa na kilo 82 miaka miwili iliyopita. Kwenye jedwali la siku hiyo ni watu sawa; kitabibu mmoja wao amepoteza zaidi ya robo ya mwili wake. Anayewachanganya hao wawili katika kundi moja la wembamba, kisha akashangaa wembamba wanakufa haraka, ameyahesabu matokeo ya ugonjwa kuwa ndiyo chanzo.

Ipo changamoto nyingine iliyo ngumu zaidi kwangu, na sitaikwepa. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliokuta kwamba kupotea kwa mafuta na misuli katika hatua za mwanzo za saratani ya kongosho husababishwa kwa sehemu na upungufu wa vimeng'enyo vya kongosho. Panya waliorudishiwa vimeng'enyo walipunguza kukonda, lakini hawakuishi muda mrefu zaidi, bali walikufa mapema zaidi. Kwa wagonjwa wa kibinadamu, kukonda walikokuwa nako siku ya kugunduliwa kulikuwa kwa kawaida na hakukuambatana na kufa mapema. Kama hivyo ndivyo, mstari wa kilo una faida gani? Nadhani una faida mbili ambazo utafiti huo hauziondoi. Kwanza, kukonda kusipoongeza kifo bado ni king'ora. Watafiti wa Mayo Clinic walionyesha mwaka 2019 kwamba sukari ya damu huanza kupanda hadi miezi 30 kabla ya saratani hii kugunduliwa, na mafuta ya chini ya ngozi huanza kupungua takriban miezi 18 kabla, yaani wakati ambao upasuaji, tiba pekee inayoweza kuponya, huenda bado unawezekana. Pili, matokeo yale ya Nature yenyewe yanathibitisha kwamba kilo hazisomeki bila kisababishi. Kukonda kwa sababu chakula hakisagiki ni jambo moja, kukonda kwa sababu uvimbe umeenea ni jambo jingine, na vikao vya vijiji vya Iringa vililijua hilo kwa watoto wao walipokataa kuishia kwenye rangi ya kadi.

Atasema mwingine kwamba ugonjwa huu ni adimu kwetu, na kwamba kumtisha kila mzee aliyepungua kilo mbili ni ukatili. Tahadhari hiyo naikubali. Katika utafiti mmoja wa Mayo Clinic wa mwaka 2005, kati ya watu wa miaka 50 na zaidi waliogunduliwa kuwa na kisukari kipya, wasiofika mmoja kwa mia walipatwa na saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu. Walio wengi wana kisukari cha kawaida tu. Ila mwenye kisukari cha kawaida mara nyingi ameongezeka uzito kabla ya kuugua, na kinachosaidia kumtofautisha na yule mwenye saratani ni kilo za huyo wa pili zinazoshuka sukari inapopanda. Tofauti hiyo haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji namba mbili na tarehe mbili. Aidha mstari huo hautamhudumia mwenye saratani ya kongosho peke yake. Kifua kikuu, ukimwi, saratani ya koo la chakula na kisukari chenyewe vyote huandika habari zao mapema katika kilo. Upande wa pili wa mstari nao una kazi, kwa kuwa utafiti wa taifa wa 2015–16 ulikuta 28% ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na huo ndio unene wa miaka ishirini kabla unaozungumzwa na tafiti za kongosho.

Kwamba mstari wa mtoto unaweza kufuatwa hadi utu uzima, wengine wamekwisha kuonyesha. Nchini Uingereza, wauguzi wa kaunti ya Hertfordshire waliandika katika madaftari uzito wa watoto waliozaliwa tangu 1911. Madaftari hayakutupwa, na mwaka 1989 David Barker na wenzake waliyatumia kuonyesha kwamba wanaume waliokuwa wepesi walipotimiza mwaka mmoja walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo miongo kadhaa baadaye. Watoto wa Iringa wa vijiji 168 walikuwa makumi ya maelfu, na sasa wana miaka kama arobaini, umri ambao magonjwa yasiyoambukiza huanza kubisha hodi. Mpango ulihitaji hesabu ya kijiji, kadi ikawa ya mama, na hakuna aliyepewa kazi ya kuufuata mstari wa mtoto mmoja hadi utu uzima. Wapangaji hawalaumiki kwa hilo, kwani walikuwa wakipambana na vifo vya mwaka ule. Lawama ni ya miongo iliyofuata, iliyouona mstari ukifanya kazi kwa walio chini ya miaka mitano, ukafanya kazi tena katika kliniki za ukimwi, na bado ikamwacha mtu mzima wa kawaida bila kitu.

Zahanati zinazopima watoto tayari zina mizani, na wahudumu wake wanajua kusoma mstari. Halmashauri za Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe zingeweza kuanza na wenye kisukari na shinikizo la damu, ambao tayari wanafika kliniki kila mwezi, kwa kuwapa ukurasa mmoja wa kilo na tarehe. Kabla hazijaanza, wewe uliyevuka miaka arobaini omba upimwe safari yako ijayo, andika kilo na tarehe nyuma ya daftari lako la kliniki, na rudia kila baada ya miezi mitatu kama walivyofanya mama zetu. Ukiona unapungua bila kukusudia, na hasa kama sukari imepanda kwa mara ya kwanza uzeeni, usimpe daktari kilo za leo peke yake: mwonyeshe ukurasa mzima, na umwombe akuchunguze tumbo mapema.